Tukio Kwanza, Kifungu Baadaye: Mwongozo wa Mwanafunzi wa Sheria Uganda

Kila mwaka, wiki mbili baada ya vyuo kufunguliwa, simu yangu huanza kulia. Mara ni mtoto wa jirani, mara ni kijana wa mtaani kwetu Busia ambaye nilimwacha akiwa bado anafukuza magurudumu ya baiskeli. Ameingia chuo kusomea sheria, na swali ni lile lile: "Mjomba, nisomeje?" Nimechoka kulijibu nusu nusu huku salio linakatika. Nimeliandika hapa lote, kuanzia siku ya kwanza ya shahada mpaka siku mteja wako wa kwanza atakapovuta kiti.

Nianze na jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa. Wengi wanaoanguka mitihani ya sheria hawaanguki kwa kutojua vifungu. Wanavijua, wengine wamevihifadhi mpaka nukta. Wanaanguka kwa sababu hawakusoma kilichotokea: nani alifanya nini, wapi, saa ngapi, na nani aliona. Mtahini amekupa tukio, wewe unamrudishia kifungu. Ukizoea hivyo chuoni, mahakamani utafanya vivyo hivyo, na huko anayelipia kosa lako ni mteja.

Hatua ya 1: Ijue njia nzima

Shahada ni miaka minne. Kabla hujalipa ada hata senti, hakikisha kwamba kozi ya sheria ya chuo hicho imeidhinishwa na Baraza la Sheria. Usiridhike na tangazo la redioni, ulizia penyewe. Baada ya shahada kuna mwaka wa masomo pale LDC (Law Development Centre), kituo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1970. Makao yake yako Kampala, upande wa Makerere, na siku hizi kina matawi Mbarara na Lira. Ukifaulu huko ndipo unaomba kuandikishwa katika orodha ya mawakili.

Chora ngazi ya mahakama kwenye karatasi uibandike ukutani hosteli: chini kabisa mahakama za mabaraza ya mitaa, zile za LC, kisha mahakama za mahakimu, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa (ambayo ndiyo hiyo hiyo hukaa kama Mahakama ya Katiba), na juu kabisa Mahakama ya Juu. Kila kesi utakayosoma, itazame imetoka ngazi gani. Hukumu ya Mahakama Kuu inayogongana na ya Mahakama ya Juu haikusaidii kitu, hata iwe imeandikwa kwa Kiingereza kitamu namna gani.

Kuhusu vitabu, usijifilisi. Katiba ya 1995 inunue yako mwenyewe uichoree mistari mpaka ichakae. Sheria nyingine na hukumu nyingi zinapatikana bure mtandaoni kwenye ULII, hifadhi ya sheria na hukumu za Uganda. Kuna mtego mmoja tu. Tarehe 1 Julai 2024 toleo jipya la sheria zote za Uganda lilianza kutumika, na namba zikahama. Sheria ya Makosa ya Jinai iliyokuwa Sura ya 120 sasa ni Sura ya 128. Mauaji ya kukusudia, ambayo kila mwanafunzi wa zamani anayajua kama vifungu vya 188 na 189, sasa ni 171 na 172. Kwa hiyo zile fotokopi ulizorithi kwa dada yako, zilizonunuliwa Wandegeya enzi zake, zisome kwa maarifa yaliyomo, lakini namba ya kifungu itoe kwenye toleo jipya. Hukumu za zamani nazo bado zinataja namba za zamani, kwa hiyo itakubidi kuzijua zote mbili. Ni usumbufu, ndiyo.

Hatua ya 2: Soma kesi yenyewe, usisome alivyosimuliwa rafiki yako

Waulize wanafunzi kumi kesi ya Susan Kigula iliamua nini. Saba watakwambia, "Iliondoa adhabu ya kifo Uganda." Haikuiondoa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ilisema adhabu ya kifo yenyewe haipingani na Katiba. Kilichoanguka ni ule ulazima wake, yaani sheria kumfunga jaji mikono asiweze kutoa adhabu nyingine. Tena mahakama ikasema kwamba mtu aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akingoja kunyongwa, tangu mahakama ya mwisho ya rufaa ithibitishe adhabu yake, adhabu hiyo igeuke kuwa kifungo cha maisha. Hayo ni mambo matatu tofauti, na swali la mtihani linaweza kukaa juu ya lolote. Aliyesikia kesi kwa mdomo wa mwenzake ana jambo moja tu, tena la uongo.

Kila kesi iandikie nusu ukurasa, kwa mkono. Tukio kwa sentensi tatu. Swali lililobishaniwa kwa sentensi moja. Jibu la mahakama. Sababu ya jibu hilo, maana ndiyo itakayofunga kesi nyingine. Na mstari wa tano, ambao wengi hawauandiki: ingekuwaje kama jambo fulani lingebadilika? Mstari huo wa tano ndio mtihani. Mtahini huchukua kesi unayoijua, akabadilisha kitu kimoja, akakaa pembeni kuona kama umeshtuka.

Hatua ya 3: Jibu tukio

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo alama zilipo.

Chukua tukio hili nililolitunga. Saa mbili usiku, sokoni, umeme umekatika. Mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, anahesabu mauzo kwa mwanga wa tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa. Kijana anainama mezani, anamsukuma, ananyakua pochi na kukimbia. Yule mama anasema alimtambua: ni mteja wake wa kila Jumamosi. Usiku ule ule alikwenda polisi na kuandikisha kwamba ameibiwa na "kijana mmoja mrefu". Jina alilitaja siku tatu baadaye. Hakuna shahidi mwingine. Mshauri mwendesha mashtaka.

Jibu la kawaida linaanza hivi: "Unyang'anyi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Jinai. Unyang'anyi maana yake ni..." Ukurasa mzima unakwenda, na tadooba haijatajwa. Mtahini anasoma huku kalamu yake imelala.

Sasa angalia jibu la mtu aliyesoma tukio: "Kwamba mama aliporwa hakuna ubishi mkubwa. Kesi hii itasimama au itaanguka kwa neno la shahidi mmoja aliyemtambua mtu usiku." Ndani ya sentensi mbili ameshatua kwenye swali. Hapo ndipo anaileta kesi ya Abdala Nabulere, iliyoripotiwa 1979, inayosema kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani hata kwa utambuzi wa shahidi mmoja, lakini mahakama ijionye kwanza kuhusu hatari ya kukosea, kisha ipime mazingira: mwanga ulikuwaje, umbali ulikuwa kiasi gani, shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, na je, walifahamiana kabla?

Halafu anarudi sokoni. Mwanga: tadooba, ni hafifu, lakini ilikuwa mezani na uso uliinama juu yake. Umbali: upana wa meza. Muda: sekunde chache, tena za hofu, na hili linamsaidia mshtakiwa. Kufahamiana: mteja wa kila Jumamosi, linasaidia mashtaka. Kisha anafika kwenye mfupa wa swali: kama alimfahamu hivyo, kwa nini usiku ule alisema tu "kijana mmoja mrefu"? Je, jina alikuwa halijui ila sura? Je, aliogopa? Je, polisi waliandika kwa ufupi? Mwanafunzi anayeuliza maswali hayo na kumshauri mwendesha mashtaka amhoji upya shahidi na amtafute askari aliyeandika taarifa ya kwanza, huyo ameshaanza uwakili.

Ukitazama, sheria iliyotumika hapo ni kidogo sana. Kazi yote ilikuwa kulipitisha kila jambo la tukio chini ya kanuni moja. Fanya zoezi kama hilo mara mbili kwa wiki. Maswali yako tele kwenye mitihani ya miaka iliyopita.

Na andika kwa mkono huku saa iko mezani. Ukipewa saa tatu kwa maswali manne, kila swali lina dakika 45. Dakika kumi za mwanzo soma na upange, usiandike hata sentensi. Zikifika 45, acha hata kama sentensi imekatikia katikati, uende swali linalofuata. Swali la nne lililoachwa wazi halifidiwi na la kwanza lililopambwa.

Hatua ya 4: Kikundi cha watu wanne

Wasizidi wanne. Wakifika saba inakuwa baraza la kahawa. Kila mmoja aje na jibu la swali lile lile lililokwisha kuandikwa, mbadilishane, kila mtu amsahihishie mwenzake kwa kalamu nyekundu bila huruma. Asiyekuja na jibu anunue rolex, ile chapati ya mayai, za wote. Sisi kanuni hiyo ilitusaidia zaidi kuliko mihadhara kadhaa nisiyoitaja.

Hatua ya 5: Usikiache Kiswahili chako mlangoni

Kiingereza ndicho lugha ya mahakama zetu, na lazima ukimudu vizuri, hasa kukiandika kwa sentensi fupi. Lakini wanafunzi waliokulia kwenye Kiswahili, wa Busia, Malaba, Bombo, Arua, huwa wanakificha kama kitambulisho kilichoisha muda. Wanakosea. Katiba yenyewe, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kama lugha rasmi ya pili.

Umuhimu wake utauona kituo cha polisi kabla hujauona kwingine. Ibara ya 23 inataka mtu aliyekamatwa aambiwe, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kuwa na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ibara ya 28 inampa mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya kesi. Sasa fikiria mshtakiwa aliyeongea Kiswahili, maelezo yake yakaandikwa Kiingereza moja kwa moja, na mwisho akaweka dole gumba. "Nilimsukuma" imeandikwaje? Imegeuka "nilimpiga"? Wakili asiyejua Kiswahili anaisoma karatasi hiyo na kusonga mbele. Wewe unasimama na kuuliza: yako wapi maelezo kwa lugha aliyoitumia? Nani aliyatafsiri? Cheo chake ni kipi? Maana ungamo linalochukuliwa na polisi halipokelewi isipokuwa limetolewa mbele ya afisa wa ngazi ya mkaguzi msaidizi au zaidi.

Jambo dogo: ukifika kaunta ya polisi, "habari za kazi, afande" iliyotoka moyoni hufungua jalada haraka kuliko tai ya shingoni. Na usisahau kuwaambia ndugu waliokaa kwenye benchi kwamba dhamana ya polisi hailipiwi.

Hatua ya 6: Likizo ni ya mahakamani

Kesi husikilizwa hadharani, na anayeingia kimya na kukaa nyuma hafukuzwi. Nenda mahakama ya Buganda Road, Kampala, asubuhi, au mahakama ya hakimu iliyo karibu na kwenu. Usiwatazame mawakili kwanza. Watazame mashahidi. Angalia shahidi anavyobadilika akiulizwa swali refu lenye vichwa vitatu, na anavyojibu akiulizwa fupi. Andika maswali matano yaliyofanya kazi na matano yaliyomharibia aliyeuliza.

Mimi nawapenda zaidi wanaokwenda kukaa kwenye madai madogo, yale yasiyozidi shilingi milioni 10, yaliyowekewa kanuni zake mwaka 2011. Huko watu hujisemea bila wakili. Mwenye duka na mdaiwa wake wanasimulia kwa mpangilio wanaoujua wao, kuanzia katikati, kurudi nyuma, kuruka kwenye msiba wa shangazi. Hakimu anachuja. Kaa uchuje naye kwenye daftari lako: deni lilikuwa kiasi gani, lilikubaliwa lini, kililipwa kiasi gani, karatasi iko wapi?

Mashindano ya mahakama ya mfano nayo shiriki walau mara moja. Kuna yale ya haki za binadamu ya Afrika yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992, na mengine hapa hapa nyumbani. Usiyafanye dini.

Hatua ya 7: LDC

Watu huingia LDC wakiwa na alama nzuri za chuo na kutoka wakilia. Sababu ni moja: swali limebadilika na wao hawajabadilika. Chuoni uliulizwa sheria inasemaje, na je, ni nzuri. LDC unaambiwa mteja amefika, hiki hapa kisa chake, fanya kazi. Unagawiwa kwenye kikundi kinachoitwa "firm", kama ofisi ya mawakili, na kila swali linataka ufuate njia ile ile mpaka mwisho: tukio ni lipi, hoja ni zipi, sheria gani inahusika, hoja zinajibiwaje, tunakwenda mahakama gani, kwa utaratibu gani, na nyaraka ni zipi. Kisha uziandike hizo nyaraka.

Hapo mwisho ndipo wengi hunyongwa. Hati ya madai wameiona, hawajawahi kuitunga. Usingoje. Tangu mwaka wa tatu wa shahada, kila wiki tunga hati moja kwa mkono, bila kielelezo mbele yako: hati ya madai, majibu ya madai, hati ya kiapo, ombi la dhamana. Ukimaliza linganisha na kielelezo. Angalia hasa hati ya kiapo: je, umeandika anachokijua mwapaji mwenyewe, au umemtia mdomoni hoja za kisheria? Mkulima wa Kamuli anayeapa kwamba "ombi hili limekidhi matakwa ya ibara" hajaapa yeye. Umeapa wewe kwa mdomo wake, na upande wa pili utalishika hilo.

Mwisho wa siku LDC ni kazi ya uvumilivu. Lala, kula, usiikose semina hata moja.

Hatua ya 8: Siku zinahesabiwa

Umeandikishwa, una gauni, una cheti cha kufanya kazi ambacho utakihuisha kila mwaka. Huwezi kufungua ofisi yako kesho yake, unaanza chini ya mkubwa. Una wajibu pia wa kuwahudumia wasio na uwezo saa 40 kwa mwaka bila malipo, na fedha za mteja hukaa kwenye akaunti yake mbali na ya ofisi. Hilo la fedha halina mjadala, hata kwa mkopo wa siku moja.

Kinachowaumiza mawakili wapya zaidi ni kalenda. Katika kesi za madai, hati ya wito ipelekwe kwa mdaiwa ndani ya siku 21 tangu kutolewa. Zikipita, una siku 15 nyingine za kuomba uongezewe muda. Ukikaa kimya, kesi inafutwa. Mdaiwa naye ana siku 15 za kujibu tangu afikishiwe wito.

Mwaka wangu wa kwanza nilihesabu siku 21 kuanzia siku nilipochukua wito kwa karani, si siku uliposainiwa. Ulikuwa umekaa mezani siku sita. Karani, mama mtu mzima, ndiye aliyeniona nikielekea mlangoni na kunirudisha: "Mwanangu, hebu soma tarehe ya muhuri." Nilisoma. Zilikuwa zimebaki siku mbili, na mdaiwa alikuwa Kasese. Nilipanda basi usiku ule kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo kila tarehe naiandika mara mbili, kwenye jalada la faili na kwenye shajara ya ofisi, na naweka alama siku saba kabla.

Hatua ya 9: Mteja akivuta kiti

Kalamu chini kwanza. Mwache aseme dakika kumi bila kumkatiza, kisha anza kuuliza tarehe.

Nikupe mfano wa ardhi, maana ndiyo itakayokulisha. Alikuja bibi mmoja na mwanawe. Mwenye hati ya ardhi anataka kuwatoa kwenye kibanja, kipande wanachokalia ndani ya ardhi yake. Wewe unajua kwamba sheria inamlinda aliyekaa bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla Katiba haijaanza kutumika, na Katiba ilianza tarehe 8 Oktoba 1995. Kwa hiyo mstari ni 8 Oktoba 1983. Nikamwuliza, "Mama, mliingia lini pale?"

"Wakati wa Obote wa pili."

Utawala huo ulianza Desemba 1980 ukaisha Julai 1985. Mstari wetu unapita katikati yake. Jibu la bibi linaweza kumwokoa au kumtoa, na yeye hana habari. Mwanawe akataka kumsaidia: "Mwambie ni themanini na moja, mama." Nikamwomba kijana atoke nje kidogo, maana shahidi anayefundishwa tarehe huvunjika kwenye swali la tatu.

"Mlipofika, watoto mlikuwa nao wangapi?"

"Wawili. Na tumbo. Mapacha niliwazaa pale pale, nyumba haijaezekwa."

"Walibatizwa?"

Akafungua fundo la leso. Kadi mbili, kingo zimeliwa na mende. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa Februari 1983.

Nikachukua kalamu na kuandika majina ya majirani waliomsaidia kuezeka.